Mto Unaanza Juu ya Barabara ya Naivasha

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mradi wa kuufufua Mto Nairobi, mradi uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 50. Ramani yake haikuwa ngumu kuielewa: kilomita 27 hivi za mto, kuanzia Barabara ya Naivasha upande wa magharibi hadi mitambo ya majitaka ya Ruai, mashariki kabisa mwa jiji. Kwa mtu wa Kabiria ramani hiyo ina kichekesho chake. Kabiria iko juu ya Barabara ya Naivasha, upande mto unakotoka. Ukikata kutoka barabara hiyo kuingia mtaani kwetu, unaupa mradi kisogo. Maji yakishatoka kwetu na povu la kufulia, mkojo wa ng'ombe wa zizini, na kile ambacho baadhi ya wenye ploti hukifungulia usiku mvua ikinyesha, ndipo mto unapoanza kuhesabiwa kuwa ni wa kusafishwa.

Siubezi mradi. Mabomba makubwa ya majitaka kandokando ya mto, yakijengwa na yakafanya kazi, yatafanya mengi kuliko reki zote zilizowahi kushikwa Jumamosi asubuhi na vijana wenye fulana za rangi moja. Lakini ramani hiyo imenirudisha kwenye swali ambalo kwa robo karne limekuwa likijibiwa kwa haraka mno: wananchi wakiambiwa wameshirikishwa katika kusafisha mto, wameshirikishwa katika nini hasa? Jibu langu naliweka mezani mapema. Tumeshirikishwa kama mikono. Kujua hatujajulishwa, kuamua hatujaachiwa, na ndiyo maana mto huu umesafishwa mara nyingi na haujawahi kuwa safi.

Kwanza mto wenyewe. Ni mdogo kuliko jina lake. Unachimbuka kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, kaunti ya Kiambu, ukaingia Dagoretti, ukapita pembeni mwa mitaa yetu hii hadi Kawangware, kisha Chiromo, Museum Hill, Globe, Gikomba, na huko chini Korogocho na Dandora. Mto Mathare huungana nao upande wa mashariki. Mto Ngong, ambao huku Dagoretti bado ni Motoine, hupita Bwawa la Nairobi kando ya Kibera, hukatiza Eneo la Viwanda na vijiji vya Mukuru, nao ukajiunga na wenzake. Wote huishia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki ikamwaga baharini karibu na Malindi. Wamaasai walipaita mahali hapa kwa maji yake baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 jina likabaki kwenye kambi, kisha kwenye mji. Baridi bado ipo, hasa Julai. Maji ndiyo yaliyobadilika.

Tukitaja uchafu wa viwanda fikira hukimbilia Eneo la Viwanda, kwenye rangi za vitambaa, asidi za betri na mafuta mazito. Ni haki yake. Ila upande wetu wa magharibi nao una kiwanda chake, nacho ni cha nyama. Machinjio ya Dagoretti yamelisha jiji hili kwa miaka mingi, na yamewahi kufungwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa sababu ya kile kilichokuwa kikitiririkia mtoni. Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa kuwa ndipo utaona kwa nini reki haitoshi.

Uchafu unaooza hupimwa kwa oksijeni. Maji yakiingiwa na damu, kinyesi au mabaki ya chakula, vijidudu huanza kuvila, na vikila huvuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Wataalamu huchukua sampuli, huihifadhi siku tano, kisha huangalia oksijeni kiasi gani imetumika. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilisema maji yanayoachiwa kwenda mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo hicho. Damu ya ng'ombe hupita miligramu 150,000. Piga hesabu: lita moja ya damu yahitaji lita 5,000 za maji safi ili ifike kiwango hicho. Mto wetu wakati wa kiangazi unarukwa na mtoto. Maji hayo ya kuipunguza damu yatatoka wapi? Oksijeni ikiisha, samaki hawana pa kwenda, na vijidudu visivyohitaji oksijeni hushika zamu na kutoa ule mvuke wa yai bovu tunaousikia darajani. Harufu ile haitokani na chupa za plastiki. Chupa hainuki.

Wala si kwamba dawa yake haijulikani. Kwenye machinjio ya Nyongara, hapo hapo Dagoretti, taasisi ya utafiti wa viwanda KIRDI, ikishirikiana na mashirika ya Umoja wa Mataifa UNIDO na UNEP, ilijenga mtambo wa majaribio wa kugeuza taka za machinjioni kuwa gesi na umeme. Uchafu uleule unaoua mto ukifungiwa kwenye tangi unawasha taa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kila mwezi kama tangi linafanya kazi, na haki ya mtu huyo kujibiwa.

Sasa historia, kwa kifupi, maana inajirudia kama kanda ya zamani. Mwaka 1999 UNEP ilianzisha mpango wa bonde la Mto Nairobi pamoja na serikali na mashirika kadhaa. Mwaka 2008 John Michuki, waziri yule yule wa mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya matatu, alihamia Wizara ya Mazingira na kuukabili mto kwa ukali wake ule ule. Kando ya mto kati ya Globe na Museum Hill, palipokuwa jaa na maficho, pakaanza kupumua. Michuki akafariki Februari 2012, na magugu yakarudi na gereji zikarudi. Mwaka 2020 Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, chini ya Jenerali Mohammed Badi, liliingia tena mahali pale pale, likapasafisha tena, likapapa jina la Michuki. Vijana wa Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua, wakachimba mitaro. Mwishoni mwa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Mwaka 2024 ukaja mpango wa ClimateWorX wa kuwaajiri vijana wa mitaa ya mabanda kwa ujira wa siku, na mwaka uliofuata ule mradi wa bilioni 50.

Kila mara mlango wa mwananchi ni ule ule: buti, glavu, reki, gunia. Kazi hiyo si ya kudharau. Kijana wa mtaani mwenye ujira wa wiki amelipa deni la kibandani na amepata heshima nyumbani. Hata hivyo ukiitazama kwa jicho la mto, ni kazi ya kuondoa kinachoonekana. Wahenga waliposema ukiona vyaelea vimeundwa, walikuwa wakisifu mafundi wa vyombo. Ningewaazima msemo wao kwa chupa za soda na vifuko vya maziwa vinavyoelea chini ya daraja, kwa sababu navyo vimeundwa, vikauzwa, na aliyeviuza anajulikana kwa nembo iliyo ubavuni. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Agosti 2017 ilipungua mtoni kwa kuwa ilizuiwa dukani na kiwandani. Hakuna kikundi cha vijana kilichoimaliza kwa kuiokota. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji abebe mzigo wa bidhaa yake hata baada ya kutupwa. Vijana wakihesabu chupa kwa nembo kabla ya kuzitia gunia, wakaitangaza hesabu hiyo, kazi ya mikono ingegeuka ushahidi. Lakini fomu ya kazi huuliza idadi ya magunia tu.

Huu ushahidi ndio kiini cha jambo. Ukitaka kuona jamii ya watu wa kipato kidogo ikishinda kesi ya uchafuzi wa kiwanda nchini Kenya, nenda Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, Changamwe. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi pale tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, risasi ile ya madini, aliyoipata kwa maziwa ya mama. Kilichofuata hakikuwa shughuli ya kufagia. Wakazi walitafuta vipimo vya damu na vya udongo, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa shilingi bilioni 1.3 na kuagiza kijiji kisafishwe. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Ni safari ndefu, na hukumu si usafi, lakini bila karatasi za maabara kesi isingefika hata mlangoni.

Nairobi nayo ilipata karatasi kama hizo. Mwaka 2007 utafiti wa UNEP uliwapima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, ambalo mto wetu hupita ubavuni mwake, na nusu yao wakakutwa na risasi kwenye damu iliyofikia au kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Julai 2021 mahakama iliagiza jaa hilo lifungwe katika muda wa miezi sita. Jaa lipo hadi leo, na moshi wake unaonekana kutoka mbali. Tofauti na Owino Uhuru naiona hapa: kule matokeo yalikuwa mikononi mwa wenye kijiji, wakayabeba ofisi hata ofisi kwa miaka. Dandora matokeo yalikuwa mikononi mwa taasisi.

Katiba ya 2010 haikutunyima silaha. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara, jambo ambalo wanasheria wa nchi nyingi wangelitamani. Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari, na sheria yake ikapitishwa 2016. Kila kiwanda chenye leseni ya kuachia maji kinatakiwa kupima na kuripoti. Ripoti zipo, basi. Hazijabandikwa kwa chifu wa Riruta. Hazijasomwa kanisani baada ya matangazo ya harusi, mahali ambapo watu wetu husikia habari za maana.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Sheria yake ya kusafisha maeneo yaliyoharibiwa na viwanda ni ya 1980. Miaka sita baadaye ikaongezwa kipengele kinachowapa wakazi ruzuku, dola 50,000 kwa kuanzia, waajiri mtaalamu wao wenyewe wa kuwasomea takwimu za serikali na za kampuni. Kwenye Mto Duwamish mjini Seattle, ulioharibiwa na karne nzima ya viwanda na kuingizwa kwenye orodha ya maeneo ya sheria hiyo 2001, muungano wa vikundi vya wakazi ulikuwa na mshauri wa aina hiyo mezani. Wazo lenyewe ni la mtu mwenye akili ya sokoni: usiende kupatana bei bila kujua bidhaa. Sisi tumealikwa sokoni tukabebe mizigo.

Wala si lazima tusubiri dola. Afrika Kusini wana kipimo kiitwacho miniSASS ambacho wanafunzi wa shule za msingi hukitumia. Unaingia mtoni na wavu mdogo na beseni jeupe, unatikisa mawe, unaangalia viumbe gani wametoka, ukiwalinganisha na makundi 13 kwenye picha. Kuna lava wa wadudu ambao hawaishi ila penye oksijeni nyingi. Kuna ruba na minyoo wanaovumilia karibu kila kitu. Viumbe wanakueleza habari za wiki nzima, wakati sampuli ya chupa inakueleza habari za dakika uliyoichota. Kiwanda kinachofungulia uchafu saa nane usiku kinaweza kuidanganya chupa ya mkaguzi wa saa nne asubuhi. Minyoo hakiwezi kuwadanganya.

Hadi hapa nimesema "jamii" kana kwamba najua ni nani. Hapo ndipo maandiko mengi ya miradi huteleza, na Kabiria ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini. Nani ni jamii ya mto hapa kwetu? Kuna familia za zamani, ambazo shamba la babu liliteremka hadi majini na leo limekatwa vipande vya kujengea. Kuna landilodi aliyejenga vyumba ishirini kwenye kipande kimoja, anayeishi kwingine na kuja tarehe tano kukusanya kodi. Kuna wapangaji, ambao ndio wengi, na ambao miaka miwili ikipita nusu wameshahama. Kuna wenye karakana na wenye pampu za kuoshea magari. Na kuna wale wanaolima sukuma wiki, nduma na majani ya ng'ombe kwenye tope la kando ya mto, kwa ardhi isiyo yao, kwa maji hayo hayo tunayoyalaani, na sukuma zao huliwa na jiji zima.

Hawa hawana nia moja. Mpangaji angependa majitaka yaunganishwe. Landilodi anajua kuwa gharama ya kuunganisha ni yake na kodi haipandi kirahisi. Mwenye karakana hana pa kumwaga oili chafu, au anapo lakini ni mbali. Mkulima anataka mto safi lakini anaogopa bustani ya kupumzikia, kwa sababu bustani ina mabenchi na haina nduma. Baraza likiitishwa Jumanne saa nne asubuhi, mpangaji yuko kibaruani, landilodi hajapata habari, mkulima hakuhesabiwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Wanaobaki kujaza karatasi ya mahudhurio ni wale wale wa kila baraza, na karatasi hiyo ndiyo huambatishwa kwenye ripoti kama ushirikishaji wa umma.

Lazima niseme pia, kwa kuwa mtu akisifu jamii kupita kiasi huwa ana jambo anataka kuiuzia, kwamba sisi wenyewe ni wachafuzi. Sehemu kubwa ya mitaa hii ilijengwa gorofa kabla ya bomba. Shimo la choo likijaa, lori la kunyonya, lile tunaloliita eksosta, hulipwa pesa, na si kila dereva wa eksosta hufika panapotakiwa kumwagwa. Wengine hawaiti lori kabisa. Mvua kubwa ikianza hutoboa tundu upande wa bondeni, na asubuhi kila mtu anajifanya hakusikia harufu. Jirani anajua. Mzee wa mtaa anajua. Lakini nani atamsema mwenye nyumba anayemdai kodi ya mwezi uliopita?

Kuna hofu nyingine pia, nayo ni ya kubomolewa. Kanuni za maji za 2007 zilitaja ukingo usioguswa wa kati ya mita 6 na mita 30, kutegemea upana wa mto. Agosti 2018 serikali ilibomoa kituo cha mafuta Kileleshwa, jengo la Ukay Centre Westlands na South End Mall kwenye Barabara ya Langata, na watu wakashangilia kuona matajiri nao wameguswa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoua watu nchini kote, amri ilitoka watu waondoke kando ya mito, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru matope yakiwa hayajakauka. Kila kaya iliahidiwa shilingi 10,000. Tangu hapo, mtu akija na futi ya kupimia karibu na mto, hata awe amekuja kupanda mianzi, watu hufunga milango. Huwezi kumwomba mtu akusaidie kusafisha mahali ambapo pakishakuwa pazuri atafukuzwa. Seoul, jiji ambalo wapangaji wetu hupenda kulitolea mfano, liliufukua mto Cheonggyecheon kutoka chini ya barabara kati ya 2003 na 2005. Picha zake za kupendeza haziwaonyeshi wachuuzi waliohamishwa.

Mfano bora kuliko wa Seoul uko hapa hapa, ng'ambo ya jiji. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu. Eneo hilo lina zaidi ya kaya 100,000, limekatizwa na Mto Ngong na limebanwa na viwanda. Muungano wa Wanavijiji na washirika wake walikuwa wameshahesabu nyumba, vyoo, bei ya maji na bei ya umeme, wakathibitisha kwamba maskini hulipa zaidi kwa huduma mbovu. Wakazi walipangwa kwa makundi ya kaya kumikumi, kila kundi na mwakilishi wake, wawakilishi wakakutana ngazi kwa ngazi, na zaidi ya mashirika 40 yakaketi nao kuandika mipango ya barabara, maji, majitaka na afya. NMS ilipokuja 2020 na pesa za kujenga, ilikuta watu wameshakubaliana wapi njia ipite na nani asogee. Mukuru haijawa mtaa wa matajiri kama Karen, na ubomoaji wa baadaye umeumiza wengi hata huko. Lakini bomba lilipita, kwa sababu wenye nyumba waliamua litapita.

Korogocho nako, kikundi cha vijana cha Komb Green Solutions, kilichoanza 2017, kiligeuza jaa la kingo za mto kuwa bustani ya watoto kuchezea. Kazi yao naiheshimu kuliko nyingi zenye mabango. Ila wao wenyewe ni mashahidi wazuri wa nilichokisema: wanasafisha kipande chao, na maji yanayowafikia yametoka kwetu. Mtu wa chini akisafisha na wa juu akichafua, wa chini ameajiriwa kazi isiyo na mwisho.

Hapo tunarudi juu, Ondiri. Kikundi cha wakazi kiitwacho Friends of Ondiri Wetland kimeshughulika na kuling'oa pori la mikaratusi inayonyonya kinamasi, kupanda mianzi na miti ya asili, na kugombana na uchotaji maji kiholela. Wamefanikiwa kuliko sisi, na sababu moja naiona ni kwamba kinamasi kina mpaka: unaweza kukizunguka kwa miguu na kusema hiki ni chetu kukilinda. Msitu wa Karura ulifanikiwa vivyo hivyo. Baada ya mapambano ya Wangari Maathai mwishoni mwa miaka ya 1990, sheria ya misitu ya 2005 iliruhusu chama cha jamii kutia saini mkataba wa usimamizi na serikali, na kwa mkataba huo Friends of Karura Forest wakaendesha msitu kwa pesa za kiingilio. Mwaka 2025 Huduma ya Misitu ilipotaka pesa hizo zipitie mfumo wa serikali wa eCitizen, chama kilikwenda mahakamani kikiwa na mkataba wa kuonyesha. Kijana wa reki wa Mto Nairobi angekwenda na nini?

Sheria ya maji ya 2016 ina chombo kinachofanana na hicho, vyama vya watumiaji maji vya kila kijito, vinavyoweza kufanya kazi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Vijijini, ambako watu hugombania maji ya kunyweshea, vyama hivyo vina nguvu. Mjini tumevisahau kwa sababu hakuna anayejiona mtumiaji wa maji yale. Nadhani tunakosea. Anayeishi na harufu yake ni mtumiaji, na anayekula sukuma zake ni mtumiaji. Chama cha sehemu ya juu ya mto, kinachovuka mpaka wa kaunti kutoka Ondiri hadi Barabara ya Naivasha, kingekuwa na kazi tatu za kuanzia: kupima kwa wavu na beseni kila mwezi juu na chini ya kila machinjio; kudai ripoti za leseni na kuzibandika; na kukaa mezani kabla bomba halijachorwa.

Bomba ndilo gumu kuliko yote. Serikali ikijenga bomba kubwa bondeni, choo hakijiungi chenyewe. Kutoka ploti hadi bondeni kuna mita za kuchimba, kuna ua wa jirani wa kupitia, kuna ada ya kuunganishiwa, na kuna maji ya kusukuma uchafu mahali ambapo mfereji hutoka mara mbili kwa wiki. Mahali pengi bomba kubwa limepita na majitaka yakaendelea kwenda mtoni umbali wa kutupa jiwe. Kabiria, ambako mradi haujafika hata na hilo bomba, tuna bahati moja ya ajabu: bado tunaweza kubishana kabla ya kuchimbwa. Nani atalipa kipande cha mwisho, landilodi peke yake, au kaunti imkopeshe na kumkata kidogo kidogo kwenye bili? Jirani akikataa bomba lipite uani kwake, nani ataamua? Kwenye mabaraza ya usafi maswali haya hayaulizwi, kwa sababu hayana picha ya kupiga.

Mkulima mmoja wa nduma huko chini, ambaye shamba lake ni mita chache za tope, alinieleza jinsi anavyojua siku za wiki kwa mto. Kuna asubuhi maji huja mekundu, kuna asubuhi huja na mafuta juu yanayong'aa rangi za upinde wa mvua, kuna asubuhi huja meupe kwa sabuni, na Jumapili huja karibu na kawaida. Anajua ni kijito kipi, upande upi, saa ngapi. Nilimuuliza kama kuna mtu wa mradi wowote aliyewahi kuja kumuuliza hayo. Akasema walikuja, mara mbili. Mara ya kwanza walimpa miche. Mara ya pili walimpa gunia na kumwomba aokote chupa zilizonasa kwenye nduma zake.